Neno Nililomwandikia Mwalimu wa Kwaya

Mimi ni katibu wa baraza la wazee wa kanisa letu hapa mtaani Jericho, huu mwaka wa kumi na moja, na sijawahi kupingwa kwenye uchaguzi. Sijisifu. Hakuna mtu mwingine anayeitaka kazi yenyewe. Mikutano yetu huendeshwa kwa Kiswahili, na mambo yakichacha wazee wengine hukimbilia Kikamba na wengine Kiluhya, lakini kumbukumbu sharti ziandikwe kwa Kiingereza kwa sababu makao makuu wanataka hivyo. Basi watu wanazungumza saa tatu nzima, nami nimekaa pembeni mwa meza na kompyuta yangu, nayageuza maneno yao wakiwa bado wanayatamka. Kazi hiyo naipenda na naiweza.

Kiingereza nilikipata kama walivyokipata wenzangu wote wa mitaa hii, yaani kwa insha. Mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa na kalamu nyekundu moja na sheria moja: usirudie neno. Neno zito lilitiwa alama ya vema, na neno lililotumika mara mbili katika ukurasa mmoja lilizungushiwa duara. Alisema kurudia neno ni uvivu. Kwa hiyo tulinunua kaunta buku, yale madaftari makubwa, tukazijaza orodha, ukurasa wa kufurahi, ukurasa wa kukimbia, ukurasa wa kulia. Ukurasa wangu wa kulaumu ulikuwa na maneno kumi na matatu, kuanzia criticise hadi denounce, yamepangwa moja chini ya jingine bila maana yoyote pembeni. Maana haikuwa na alama.

Nilifaulu. Baba, aliyekuwa dereva wa wizara, alichukua ripoti yangu akapita nayo mlango kwa mlango kwenye vyumba vya kupanga vya ploti yetu, nami nikimfuata nyuma huku nikijifanya naona haya.

Maana za yale maneno nilikuja kuzijua baadaye, nilipoajiriwa kuwa sekretari katika ofisi moja ya Industrial Area. Miaka ishirini na miwili nilichapa barua za kuwakaripia watu. Huko ndiko nilikojua kwamba yale maneno kumi na matatu hayafanani hata kidogo. Scold ni mama yako na sufuria iliyoungua: atafoka, atakuita mjinga, halafu atakupakulia. Criticise ni jirani anayesimama mlangoni na kukwambia pazia lako ni fupi, na huenda ni fupi kweli. Rebuke ni kukemea, la ghafla, na kwa kawaida anayekemewa ananyamaza. Admonish ni shangazi yako aliyetoka Machakos asubuhi na mapema, akakuketisha kitandani na kukukanya kwa upole mpaka ukalia mwenyewe. Reprimand lazima liwe na meza, mmoja ameketi na mwingine amesimama. Denounce lataka kipaza sauti. Na condemn ni ile alama ya X nyekundu wanayopaka kwenye ukuta wa nyumba inayosubiri kubomolewa. Ukishaiona hiyo, unaanza kukunja magodoro.

Censure nalo ni kushutumu, lakini si kushutumu kwa mtu mmoja. Ni baraza zima limekaa, limemwona mtu ana hatia, na limeamua iandikwe. Neno hilo haliishii masikioni mwa mtu, linaingia kwenye faili lake na kubaki humo. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nililijua. Kama ningekosea kwa kutojua, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Mwalimu wetu wa kwaya ni mama wa kutoka magharibi, mjane, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Alikuwa akipakia biskuti kiwandani, na jioni mbili kwa wiki alifundisha kwaya bila karatasi, sauti zote nne kichwani. Kiingereza chake ni cha kununulia vitu na kusalimia wageni, na hajawahi kukionea aibu. Jumapili moja ya mwaka juzi tulikuwa na wageni kutoka kanisa la mtaa wa Tena, wamejaza viti vya mbele, kwaya imesimama inaimba. Katikati ya ubeti wa pili mwalimu akainua mkono, wimbo ukakatika, akamgeukia bwana mmoja wa besi na kumwambia kwamba wenzake wanaimba wimbo mmoja na yeye anaimba wake, kwa hiyo akae chini ausikilize kwanza. Kisha akawaanzisha upya. Wimbo ulitoka vizuri ajabu. Nje, baada ya ibada, vijana wa Tena walikuwa wakicheka wakisema, "Mwalimu amemchoma vibaya," yaani amemwaibisha mbele za watu, nao kwa lugha yao ya mtaani walikuwa wamelipata neno lenyewe.

Yule bwana ni karani wa cheo kidogo na fahari nyingi. Alilalamika kwa mwenyekiti, na mwalimu akaitwa mbele ya baraza. Mwenyekiti wetu ni mstaafu wa serikali anayekaa Buruburu, mtu wa suti na subira. Alimkaribisha kiti, akaulizia watoto, akamwambia kazi yake inaonekana, kisha akasema kwamba wanamwomba, mambo ya kwaya yamalizwe kwenye mazoezi, yasifike madhabahuni. Mwalimu akasema amesikia. Tukaomba, tukanywa chai. Jambo zima halikuzidi dakika kumi.

Usiku haukuwa umeingia nilipokaa sebuleni kwangu kuzisafisha kumbukumbu. Ukurasa huo ulikuwa tayari na advised, kwa ajili ya vijana wanaoegesha pikipiki mlangoni. Ulikuwa na cautioned, kwa ajili ya mlinzi anayelala. Ulikuwa na reminded mara mbili, na hiyo ya pili ilishaniudhi. Nilipofika kwa mwalimu wa kwaya nikanyanyua vidole. Nikaiona kalamu nyekundu, nakwambia kweli, mwanamke mzima wa miaka hamsini na tisa, nikaliona na duara lenyewe. Nikaandika kwamba baraza lime-censure mwalimu wa kwaya. Nililisoma kwa sauti, nikapenda jinsi lilivyokaa kwenye sentensi, nikafunga kompyuta nikaenda kupika.

Mkutano uliofuata nilizisoma kumbukumbu haraka haraka kama kawaida. Wazee waliitikia kwa vichwa, mmoja akapendekeza, mwingine akaunga mkono, mwenyekiti akatia sahihi. Nikazituma makao makuu kwa barua pepe.

Miezi minane ikapita. Kiwanda kikapunguza watu na mwalimu akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Ana mabinti wawili sekondari. Shule ya kanisa iliyo karibu na mtaa wa Umoja ilikuwa ikitafuta mlezi wa watoto wa nasari, akaenda, akahojiwa, akaimba na wale watoto, na mwalimu mkuu akamwambia waziwazi kwamba amempenda. Ilibaki idhini ya makao makuu, ambao hupekua jina la kila mtu atakayekaa na watoto. Kanisa zima lilijua. Tulikuwa tumeanza kumpongeza.

Jumamosi moja mchana alikuja kwangu na bahasha. Alinikuta nikichambua mchele. Hata hakukaa. Alisema barua imetoka makao makuu, ameisoma yote anaelewa kwamba hawakumkubali, lakini kuna neno moja ndilo halielewi na anaona kama ndilo lenye mambo yote. Mimi ndiye mtu wake wa Kiingereza tangu zamani: fomu za shule za mabinti, barua za kiwanda, karatasi za marehemu mume wake, zote nilizisoma mimi.

Niliivaa miwani. Barua ilikuwa fupi na ya heshima. Ilisema haiwezekani kumwajiri kukaa na watoto mtu ambaye, kwa mujibu wa kumbukumbu za baraza lake mwenyewe, aliwahi kuwa censured. Chini yake ilisema kwamba akiwa na pingamizi, baraza liandike ndani ya siku kumi na nne.

Nilijua ni neno la nani kabla sijalimaliza. Halafu nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kazini kwa miaka yote ile: nikasoma kisichokuwepo. Nikamwambia wanasema nafasi imejaa. Akauliza lile neno je. Nikamwambia ni neno la kiofisi tu, halina maana kubwa.

Alishukuru. Alikunja barua vizuri kwa mikunjo yake ile ile, akanitakia Jumapili njema, akaondoka. Nami nilibaki na ungo mapajani, hamu ya mchele imenitoka, kwa sababu zile siku kumi na nne nilikuwa nimempokonya kwa kinywa changu. Kwanza nilimharibia kwa ajili ya urembo wa sentensi, sasa nilikuwa nimemharibia kwa kuficha uso wangu. La pili lilikuwa baya zaidi. Mimi ni mtu wa kujiamini, watu husema naringa na sibishani nao, lakini mchana ule nilijichukia.

Asubuhi yake, kabla ya ibada, nilikwenda kwake. Ni ploti ya pili kutoka kwetu. Nilimkuta akipiga pasi joho lake la kwaya. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikiketi nitaanza kuzungukazunguka. Nilimweleza barua inasema nini hasa, neno lile lina uzito gani, na limetoka wapi.

"Ni wewe uliandika?" akauliza.

"Ni mimi."

"Na jana ulivyonisomea, ulijua ni wewe?"

"Nilijua, Mwalimu."

Aliendelea na mkono wa joho mpaka ukanyooka. Mimi nilisubiri anifokee. Ningefurahi anifokee. Badala yake alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye alimwambia yule bwana wa besi usoni, bwana akasikia, akakasirika, na wakaonana tena wiki hiyo kwenye mazoezi. Kisha akachomoa pasi ukutani na kuniuliza tunafanya nini sasa, maana siku moja imeshapotea.

Nilimpata mwenyekiti uani mwa kanisa. Alinisikiliza akiwa ameshika Biblia yake kwapani, na kadiri nilivyoendelea ndivyo alivyozidi kutazama viatu vyake. Alisema kumbukumbu zilizothibitishwa hazifunguliwi ovyo. Makao makuu wataona sisi ni watu wa mchezo. Akanishauri niandike barua nzuri ya kumsifu mwalimu, yeye aitie sahihi, ile ya zamani tuiache ilale. Alikuwa ananisitiri, najua, na alikuwa anajisitiri pia. Nilimwambia kwamba sifa haziwezi kukaa juu ya hukumu ambayo hatukuitoa. Nikamwambia pia kwamba alitia sahihi kitu ambacho hakukisikiliza, kama walivyofanya wazee wote, na kwamba mimi ndiye niliyesoma haraka ili wasisikilize. Hakupenda. Lakini ni mtu mwadilifu, na kengele ilipolia alikuwa ameshasema mkutano utakuwa Jumatano jioni na mwalimu awepo.

Jumatano nilisimama mbele ya wazee tisa nikawaeleza kwa Kiswahili. Niliwaambia kuhusu kaunta buku, kalamu nyekundu, na ukurasa ule uliokuwa umeishiwa maneno. Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja ambaye ni mchonga vinyago, mtu asiyesema sana, akaniomba niwapangie hayo maneno ya Kizungu kutoka jepesi hadi zito ili waelewe. Nikayapanga, moja baada ya jingine, kwa mifano ya nyumbani kwao, na nilipofika kwenye langu akanikatiza.

"Sasa Katibu, hilo lako ni la msasa au la patasi?"

"La shoka, mzee," nikasema.

Aliguna, akaegemea kiti. Mwenyekiti akauliza neno sahihi lingekuwa lipi. Hapo nilikuwa nimejiandaa, maana kwenye mambo ya maneno siendi mikono mitupu. Nilikuwa nimeandika kumbukumbu mpya, safari hii kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza chini yake, nikaisoma polepole. Ilisema kwamba baraza lilimwonya mwalimu wa kwaya kuhusu kusimamisha wimbo wakati wa ibada. Nilichagua onya kwa makini. Halina hukumu, halina adhabu, mtu yeyote mzima anaweza kuonywa na akala chakula chake cha jioni kwa amani. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akapendekeza, na mwingine alikuwa ameshafungua mdomo kuunga mkono.

Mwalimu wa kwaya akainua mkono, kama anavyouinua akitaka kimya.

"Sikuonywa," akasema. "Niliombwa."

Tukamtazama. Akamgeukia mwenyekiti, bila hasira, akamwambia kwamba siku ile alikuja akiwa na hofu, na mzee alimwambia, tunakuomba, dada yetu. Alirudi nyumbani akawaeleza mabinti zake kwamba wazee walimwomba. Kama ni kuonywa angewaambia ameonywa.

Mwenyekiti alivua miwani akaifuta kwa tai yake. "Ni kweli," akasema. "Mimi nilimwomba. Hayo ndiyo maneno niliyotumia."

Nilikuwepo. Nilikuwa mita mbili kutoka kinywani mwake siku ile na nilisikia kila neno. Lakini nilikwenda kutafuta kwenye ukurasa wa kulaumu, na nilipokosea nikarudi kutafuta kwenye ukurasa ule ule, sehemu ya juu kidogo. Mwanamke niliyezoea kumsomea barua alikuwa ameisoma siku ile vizuri kuliko mimi. Niliona aibu mbele ya wazee tisa, na sikutafuta neno la kuipamba. Nikafuta, nikaandika aliombwa, na chini yake nikaandika asked, neno la darasa la kwanza. Baraza likathibitisha. Nikaomba iongezwe kwamba kosa la kwanza lilikuwa la katibu, na hilo nalo likathibitishwa, bila pingamizi kutoka kwa mtu yeyote.

Barua yetu ilifika makao makuu ikiwa imebaki siku nne. Jibu lilikuja wiki iliyofuata, na muhula wa pili ulipofunguliwa mwalimu akaanza kazi. Nasikia watoto wa nasari wanaimba sauti mbili sasa, jambo ambalo watu husema haliwezekani kwa umri ule. Mwalimu mkuu anajigamba naye kwa kila mgeni. Kumbukumbu zetu siku hizi huandikwa kwa lugha mbili, na Kiswahili kinatangulia. Makao makuu walinung'unika mara moja, nikawajibu, hawajanung'unika tena.

Jumapili ya kwanza baada ya mshahara wake wa kwanza nilimsubiri langoni nimpongeze. Nilimwomba radhi tena, vizuri, kwa sababu ile asubuhi ya pasi sikuwa nimemwomba hasa, nilikuwa nimejieleza tu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, nimekusamehe," akasema. "Kwa moyo wote. Lakini barua zangu nitakuwa nasomewa na mtu mwingine."

Sikujitetea. Alikuwa ameniambia usoni, mchana, na kila neno lilikuwa kwa kipimo chake. Naye hakubadilika kwa lolote jingine: tunaketi safu moja kwenye mikutano ya akina mama, na nilipougua mafua mwezi uliopita aliniletea uji. Ila kila mwanzo wa muhula, shule za mabinti zinapotuma karatasi zao, namwona akipita mlangoni kwangu na bahasha mkononi. Ananisalimia, anaulizia afya yangu, kisha anaendelea moja kwa moja hadi saiba ya sokoni, lile duka la kompyuta, akasomewe huko.